Namna ya kukodi wakalimani wa mkutano kupitia wakala

"Tunaomba mkalimani wa Kiingereza na Kiswahili, tarehe 14 na 15, tutumieni bei." Barua pepe za namna hii ndizo zinazojaa kwenye sanduku la wakala yeyote wa ukalimani. Wakala anayeijua kazi yake hataji bei kwanza, anarudisha maswali. Anayetaja bei papo hapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia, maana hajui mkutano una saa ngapi, lugha zinakwenda pande ngapi, wala kama ukumbini kuna kibanda cha wakalimani.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kazi ya "kutafuta wakalimani": katibu wa kamati ya maandalizi, mratibu wa mradi, ofisa ununuzi. Mifano ni ya Dar es Salaam na Arusha, na kodi zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

Wakalimani wa mikutano wengi hawana mwajiri. Wiki hii yuko kituo cha mikutano cha AICC Arusha, wiki ijayo Kigali, halafu siku mbili yuko nyumbani mbele ya kompyuta akikalimani mkutano wa watu walioko nchi tano. Mahitaji nayo yamepanda: Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakiingiza katika lugha zake za kazi mwaka 2022, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaja na wajumbe wanaotumia Kifaransa. Wanaoweza kukaa kibandani na kuutoa Kifaransa moja kwa moja kwenda Kiswahili ni wachache, na wazuri huwahiwa mapema. Wakala unamlipa kwa mambo matatu: kujua nani anaweza nini, kuwa na mtu wa akiba mkalimani akiugua usiku wa kuamkia mkutano, na kukuletea mkataba mmoja badala ya sita. Kama hilo la pili hana, piga simu kwa wakalimani mwenyewe uokoe kamisheni.

Jua unachokodi

Mtafsiri huandika, mkalimani husema. Mawakala wengi hutoa huduma zote mbili, lakini tafsiri hutozwa kwa ukurasa au kwa neno na ukalimani hutozwa kwa siku, na anayefaa kwa moja hafai lazima kwa nyingine. Usiombe "mtu wa kutafsiri mkutanoni na kutuandikia taarifa jioni". Aliyekaa kibandani siku nzima jioni hana akili iliyobaki ya kuandika.

Ukalimani wenyewe una namna tatu kuu. Ukalimani sawia ni ule wa kibandani: mkalimani anasema huku mzungumzaji akiendelea, wasikilizaji wana hedifoni. Ukalimani fuatizi ni wa mtu kuzungumza dakika kadhaa, kunyamaza, mkalimani akitoa kwa kusoma vidokezo vyake. Hauhitaji mitambo, lakini unaongeza muda karibu maradufu. Hotuba ya dakika 30 itachukua saa nzima, na ratiba ikiwa haikulijua hilo, chakula cha mchana kitaliwa saa tisa. Wa tatu ni wa kunong'ona, mkalimani akikaa nyuma ya mgeni mmoja au wawili. Wageni wakizidi hapo, minong'ono inakuwa kelele kwa waliokaa jirani, na koo la mkalimani halifiki jioni.

Kuna pia mitambo midogo ya kubeba mkononi, ile ya kuongozea watalii: kipaza sauti kidogo kwa mkalimani, vipokezi kwa wasikilizaji, kibanda hakuna. Kwa ziara ya kiwandani au shambani inafaa sana. Kuitumia kwa kongamano la siku nzima ili kukwepa gharama ya kibanda ni akiba ya uongo. Mkalimani anasikia sauti yake na ya mzungumzaji kwa pamoja, anapandisha yake, waliokaa karibu wanageuka kumtazama, naye anaanza kupoteza sentensi.

Mkutano wa utiaji saini, mahojiano, au kikao cha bodi cha watu wanane: fuatizi. Kongamano la watu 30 na zaidi lenye mada nyingi: sawia.

Hesabu ya watu

Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika, kwa sababu mwenye fedha huuliza, "Kwa nini wawili, mmoja hatoshi?" Hatoshi. Ukalimani sawia humchosha mtu haraka kiasi kwamba wakalimani hupokezana kila dakika 20 hadi 30. Anayepumzika naye hapumziki hasa. Mtazame kibandani: mkono mmoja kwenye hedifoni, mwingine unaandika tarakimu. Mzungumzaji akitamka "shilingi bilioni mia tatu arobaini na saba nukta sita", aliyeshika kipaza sauti anaendelea na sentensi huku akisoma 347.6 kwenye karatasi ambayo mwenzake ameisogeza mbele yake. Ukimwondoa huyo wa pili, tarakimu ndizo za kwanza kukosewa, na baadaye makosa hayo huingia kwenye maazimio.

Kwa hiyo mkutano wa lugha mbili, kwa mfano Kiswahili na Kiingereza, unahitaji wakalimani wawili katika kibanda kimoja wakitoa pande zote mbili. Siku ikiwa ndefu, tuseme zaidi ya saa saba za kazi au mada ni za kitaalamu mfululizo, waongeze wawe watatu. Lugha tatu ni vibanda vitatu na watu sita.

Kwenye lugha tatu uliza habari ya rilei. Mjumbe wa Kongo akizungumza Kifaransa na kibanda cha Kiswahili kikawa hakina anayekielewa, kibanda hicho husubiri Kiingereza kitoke kibanda cha jirani ndipo kiweke Kiswahili. Inafanya kazi, ila sekunde zinaongezeka na kosa la kibanda cha kwanza linasafiri hadi cha pili likiwa limevaa suti. Omba kila kibanda kiwe na angalau mtu mmoja anayesikia lugha zote mbili nyingine. Asipopatikana, wakala akwambie mapema, ili umpange hodari zaidi kwenye kibanda ambacho wengine watakitegemea.

Lugha ya alama inafuata hesabu hiyohiyo: wawili wakipokezana. Na taja nchi. Lugha ya alama ya Tanzania si ya Kenya, na mshiriki kiziwi kutoka Mombasa aliyeletewa mkalimani wa Dar anaweza kukaa siku nzima akikisia.

Ombi linaloandikika

Wakala akipata maelezo kama haya, anaweza kukujibu siku hiyohiyo kwa bei inayosimama:

"Warsha ya wataalamu wa chanjo za mifugo, washiriki 60. Arusha, hoteli yenye ukumbi wa ndani, tarehe 14 na 15. Kazi inaanza 08:30 hadi 17:00 kila siku, mapumziko ya saa moja na nusu kwa jumla. Chakula cha jioni cha tarehe 14 hakihitaji ukalimani. Lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili, zote zinazungumzwa na zote zinasikilizwa. Ukalimani sawia. Vibanda na vipokezi hatuna, tutaomba bei yake kwa mstari wa peke yake. Wazungumzaji wanne watakuwa mtandaoni. Mkutano utarekodiwa kwa matumizi ya ndani, hautarushwa mubashara. Mada zitapatikana siku 7 kabla."

Mambo mawili hapo ni ya kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni saa. Ukiandika "saa 2" kwa wakala wa Nairobi au Kigali mnayeandikiana Kiingereza, mmoja wenu atafika saa sita kabla au saa sita baada. Tumia saa 24, 08:00 na 14:00, kwenye ombi, mkataba na tiketi. La pili ni "zinazungumzwa" na "zinasikilizwa". Kama wajumbe wa Kifaransa watasikiliza tu na hakuna atakayezungumza Kifaransa, idadi ya wakalimani inaweza kupungua. Kama watauliza maswali, haipungui.

Muda wa kuomba: kwa Kiswahili na Kiingereza, wiki tatu zinatosha mara nyingi. Kifaransa kikiingia, anza wiki sita kabla. Kireno na Kiarabu, mapema zaidi, kwa sababu watu wenyewe huenda wakatoka nje ya nchi. Na mkalimani atokaye nje anakuja kufanya kazi ya malipo, hivyo hapaswi kuingia kama mtalii. Mkataba useme nani anashughulikia kibali chake na nani anakilipia. Kuambiwa "tutaongea nao uwanja wa ndege" ni dalili ya kukimbia.

Kumpima wakala

Usajili wa biashara wa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya VAT: hivyo ni vya kuanzia, ofisa ununuzi wako atavidai hata usipomkumbusha. Havikwambii kama wakala anajua ukalimani. Maswali yanayomtenganisha anayejua na anayebahatisha ni haya.

Nipe majina ya watakaokaa kibandani, na mchanganuo wa lugha zao kwa A, B na C. Mpangilio huo unatumiwa na Chama cha Kimataifa cha Wakalimani wa Mikutano, AIIC, kilichoanzishwa mwaka 1953. A ni lugha ya mtu mwenyewe, B ni lugha nyingine anayoweza kuitoa kwa ufasaha, C ni lugha anayoielewa kikamilifu lakini haitoi. Mtu mwenye Kiswahili A na Kiingereza C hawezi kukutolea Kiingereza, hata wasifu wake uwe na kurasa ngapi. Wakala asiyejua herufi hizo anakodisha watu wanaojua lugha mbili, na wanaojua lugha mbili wapo wengi mtaani.

Wamesomea wapi, na wamefanya mikutano gani ya mada hii? Shahada ya uzamili ya ukalimani, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni ishara nzuri. Wapo pia wakongwe waliojifunzia kazini, wakiwamo waliopita Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha. Kwa upande wa Kiswahili, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, nalo hutoa huduma za tafsiri na ukalimani na linawafahamu wataalamu waliopo, hivyo ni mahali pazuri pa kuulizia pili kabla ya kusaini.

Mkalimani akiugua saa nne usiku, atakuja nani? Jibu sahihi ni jina. "Usijali, tuna mtandao mkubwa" si jibu.

Unawalipa lini? Swali hili wengi huona si lao. Ni lao sana. Wapo mawakala wanaomlipa mkalimani pale tu mteja anapolipa, na mteja akichelewa miezi mitatu, mkalimani naye anakaa miezi mitatu. Wakalimani hupeana habari, na wazuri huacha kupokea simu za wakala huyo. Unabaki na waliokosa pengine. Uliza pia sehemu ya bei inayomfikia mkalimani. Wakala si lazima akufungulie vitabu vyake, lakini anayetoza kamisheni ya asilimia inayotajwa wazi juu ya malipo ya wakalimani ni rahisi kumwamini kuliko mwenye bei moja ya mkupuo. Bei ya mkupuo ikiwa chini ajabu, aliyepunjwa ni mkalimani, naye akipata mkutano wa bei nzuri jioni ya kuamkia wa kwako, ghafla atapata homa.

Omba dakika kumi za simu na mkalimani kiongozi wa timu. Mtajie mada, msikilize anakuuliza nini. Anayeuliza nyaraka, majina ya wazungumzaji na mahali pa kibanda ni mtu wa kazi. Kama mkutano ni mzito, mtumie sauti ya dakika tano ya hotuba ya mada hiyo akurudishie kwa lugha ya pili, na umlipe kwa hilo.

Mkataba

Soma vipengele hivi hata kama vingine utavipitisha kwa macho.

Majina. Kiambatisho chenye majina, na sentensi isemayo hayabadilishwi bila idhini yako ya maandishi. Mchezo wa kuonyesha wasifu wa wakongwe kwenye zabuni kisha kuleta wanafunzi siku ya mkutano ni wa zamani, na sentensi hiyo moja inaumaliza.

Siku ya kazi. Ni saa ngapi, na saa ya ziada inalipwaje. Nusu siku kwa kawaida hulipwa kama siku nzima, kwa sababu mkalimani hawezi kuuza nusu iliyobaki kwa mtu mwingine. Wenye fedha hulalamikia hili kila mara, hakuna namna.

Safari. Mkalimani wa Dar anayekuja Arusha hupoteza siku kabla na mara nyingi siku baada. Kubalianeni malipo ya siku ya safari, mara nyingi ni sehemu ya malipo ya siku, pamoja na tiketi, malazi na posho ya kujikimu. Usimpandishe basi la usiku mtu atakayeingia kibandani asubuhi. Sauti iliyokesha barabarani inasikika.

Kufuta mkutano. Ngazi ya kawaida ya kuanzia mazungumzo: zaidi ya siku 14 kabla, hakuna malipo au robo; siku 14 hadi 7, nusu; chini ya hapo, malipo yote. Andikeni kuwa kusogeza tarehe ni sawa na kufuta. Mikutano yetu husogezwa na ratiba ya mgeni rasmi, na hili ndilo linaloleta ugomvi kuliko mengine yote.

Kurekodi. Mkalimani amekubali kusikiwa ukumbini. Kurusha sauti yake mubashara au kuiweka mtandaoni kunahitaji ridhaa, na wengine hutoza nyongeza. Usiri nao uandikwe: nyaraka zinafutwa baada ya mkutano, na kama zina taarifa za watu, wagonjwa kwa mfano, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe na wakala wote wawili.

Mlango wa nyuma. Wakala ataweka kipengele cha kukuzuia kumkodi mkalimani wake moja kwa moja kwa miezi 6 hadi 12. Ni haki yake. Ila hakikisha hakimhusu mkalimani uliyekuwa ukifanya naye kazi kabla ya kumjua wakala.

Sasa kuna hali ambayo kukodi kwa siku mbili hakuna lakini mradi wa mwaka unayo. Ukimtumia mkalimani huyohuyo karibu kila siku, ofisini kwako, kwa kompyuta yako na kwa saa unazopanga wewe, anaanza kufanana na mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo likiwapo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyoorodheshwa, mojawapo likiwa kukufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni chache kuliko zinavyosikika, hazifiki siku sita kamili. Kazi ya namna hiyo mwone mwanasheria kabla ya kusaini, na mkataba wa wakala usikupe usingizi.

Nyaraka

Mkalimani bila nyaraka ni dereva bila taa usiku. Atafika, lakini usimlaumu kwa mashimo. Siku 7 kabla mpe ratiba, mada zote hata zikiwa rasimu, orodha ya majina na vyeo, na vifupisho vyote. Hotuba zinazosomwa ndizo muhimu kupita zote, kwa sababu msomaji huenda mbio. Mwendo unaokalimanika vizuri ni kama maneno 100 hadi 120 kwa dakika, hivyo ukurasa wa maneno 300 usisomwe chini ya dakika mbili na nusu. Mwambie hivyo mzungumzaji, na mwenyekiti amkumbushe.

Usisahau itifaki. Hotuba ya Kiswahili hufunguka kwa msururu wa waheshimiwa unaotajwa bila pumzi, na mkalimani asiye na orodha ya vyeo kwa lugha zote ataangusha wawili watatu njiani. Mmoja wao atakasirika. (Mzungumzaji anayesema "itifaki imezingatiwa" kisha akaingia kwenye mada anapendwa sana vibandani.)

Istilahi mkubaliane mapema, maana Kiswahili cha ofisini si kimoja. Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina Mahakama ya Rufaa. Huku halmashauri, kule kaunti. Mjumbe wa Bukavu au Lubumbashi atataja franga akimaanisha fedha na kuchanganya maneno ya Kifaransa katikati ya Kiswahili chake. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Dar peke yake atakwama pale pale alipodhani hana kazi. Mwambie wakala washiriki wanatoka wapi, na omba timu iandae faharasa ya istilahi 50 hadi 100 za mada. Mtaalamu wako aipitie kwa nusu saa. Nusu saa hiyo huokoa kikao kizima cha kubishania neno.

Mitambo na ukumbi

Kibanda cha kuhamishika kwa watu wawili, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 4043, kisipungue upana wa mita 1.60, kina mita 1.60 na kimo mita 2.00. Kiwe na hewa inayopita kimyakimya, meza pana, taa na maji. Kiwekwe nyuma au pembeni mahali ambapo mkalimani anamwona mzungumzaji na skrini moja kwa moja. Hoteli hupenda kukificha nyuma ya nguzo au karibu na mlango wa jikoni ili ukumbi upendeze kwenye picha. Kataa.

Mitambo ya miali infraredi haipenyi kuta, hivyo inafaa kwa vikao vya siri, lakini jua kali huivuruga. Kama mkutano uko kwenye hema bustanini, omba ya redio, ukijua kwamba redio inaweza kusikika nje ya ukumbi. Idadi ya vipokezi ni washiriki wote, meza kuu, na akiba ya moja ya kumi. Wanaosema "mimi Kiingereza najua" watakihitaji mara tu swali la kwanza litakapoulizwa kwa Kifaransa.

Fundi mitambo abaki ukumbini siku nzima. Vipaza sauti vya kuzungushwa viwe angalau viwili. Mkalimani husikia kile tu kinachopita kwenye kipaza sauti. Mjumbe akisimama na kusema "mimi nina sauti kubwa, sihitaji hicho", hedifoni zote zinakuwa kimya. Wakalimani wafike saa moja kabla kupima sauti. Ukipima na fundi peke yake, unapima kama mashine inawaka, basi.

Wazungumzaji wa mtandaoni ni shida ya peke yao. Sauti ya simu ya kawaida hubeba masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400, wakati kiwango cha ISO 20108 kinachotakiwa kwa ukalimani sawia ni hezi 125 hadi 15,000. Mkalimani akikwambia "siwezi kufanyia kazi sauti hii", hadeki. Watake wazungumzaji wawe na hedifoni zenye kipaza sauti za kuchomeka kwa USB, intaneti ya waya, na dakika 15 za majaribio jana yake. Mkitumia Zoom, kipengele cha ukalimani kiwashwe kwenye mipangilio ya akaunti kabla, tumieni namba ya mkutano inayotengenezwa upya wala si ile ya kudumu ya mtu binafsi, na mwenyeji aingie kwa kompyuta. Akiwa kwenye simu ya mkononi hawezi kuuanzisha ukalimani, na hilo hugundulika saa mbili na nusu asubuhi watu 200 wakisubiri.

Ankara na kodi

Tuchukue tarakimu za mfano tu, zisikufunge kwenye mazungumzo. Wakalimani 6, siku 2, kila mmoja TSh 900,000 kwa siku: 10,800,000. Wanne wametoka Dar, siku mbili za safari kwa nusu malipo, 450,000 kila siku: 3,600,000. Jumla ya wakalimani 14,400,000. Kamisheni ya wakala asilimia 15: 2,160,000. Ankara kabla ya VAT: 16,560,000. Tiketi, malazi na posho mnalipa wenyewe nje ya ankara, na mitambo ina ankara yake.

VAT ya kiwango cha kawaida, asilimia 18, ni 2,980,800, jumla 19,540,800. Kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa huduma za mkaazi ni asilimia 5, nayo hukokotolewa kwenye kiasi kisicho na VAT: 828,000. Unamlipa wakala 18,712,800, unapeleka 828,000 TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na unampa cheti cha zuio. Mtoa huduma asiye mkaazi hukatwa asilimia 15. Risiti ya mashine ya EFD idai siku unapolipa, usiiache hadi ukaguzi.

Ugomvi wa kawaida: wakala aliandika 16,560,000 akidhani ndizo atakazoziona kabla ya VAT, na mhasibu wako akakata zuio. Kama mlikubaliana kiasi hicho kimfikie kamili baada ya zuio, ankara ilipaswa kuwa 16,560,000 gawanya kwa 0.95, yaani takriban 17,431,600. Maneno "kabla ya kukata zuio" yaandikwe kwenye nukuu ya bei, mstari wa kwanza chini ya jumla. Na kama wakala hajasajiliwa VAT, hana ruhusa ya kuitoza. Angalia kama ankara ina namba ya usajili wa VAT (VRN) kabla ya kuipitisha.

Baada ya mkutano

Jioni ya siku ya kwanza keti dakika kumi na kiongozi wa timu: sauti ilikuwaje, nani alikimbia na hotuba, mada gani za kesho hazijafika. Makosa ya istilahi yarekebishwe usiku huo. Baada ya siku ya mwisho omba faharasa waliyoitumia, uitunze kwa mkutano ujao, na mwandikie wakala majina ya waliofanya vizuri ukitaka kuwapata tena.

Vipokezi vihesabiwe kabla watu hawajaanza kupiga picha ya pamoja. Mshiriki akivipokea asubuhi, aache kitambulisho au asaini. Kila kinachoondoka kwenye mkoba wa mjumbe hadi uwanja wa ndege wa KIA kitarudi kwako kama mstari kwenye ankara ya mitambo.